Ulisahabu, Inje

Wadogo zangu wa kwenye vibanda vya mbwa, mliniomba niwaandikie kazi yetu inavyofanywa kabla magoti yangu hayajaniacha kabisa na kichwa hakijayafuata. Nilikubali baada ya mabishano, maana bure sijawahi kufanya kitu. Mmenilipa kiti cha plastiki chenye miguu yote minne. Niliihesabu, nikairudia. Mishahara na vyeo nitaviruka. Havikuwa virefu, kuviruka hakuhitaji mbio.

Nilianza na ndoo. Kampuni moja ya ulinzi ilikuwa imeleta mbwa wa kulinda maghala upande wa Tenke, ikawa inatafuta mtu wa kuosha vibanda vyao. Wakati huo nilikuwa nauza viatu vya mitumba sokoni Kolwezi, na nilijivunia kumsoma mteja kwa jinsi anavyoweka mguu chini. Nikajiambia mbwa naye ni mteja, ila ana miguu ya ziada. Siku ya kwanza, mbwa mweusi mkubwa aliniacha niingie, akaninusa suruali taratibu kama askari anayekagua karatasi, kisha akainua mguu akakojolea kiatu changu, kiatu kizuri nilichojibakizia kutoka kwenye biashara. Walinzi walicheka hadi wakaegemea ukuta.

Tata Kasongo, aliyekuwa akiwafundisha mbwa wale, hakucheka. "Amekuandika," aliniambia. "Sasa uko wa hapa."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu mfupi, bahili wa maneno na wa sigara, na hakumpiga mbwa hata mara moja, kwa sababu, alisema, mkono ukimpiga mbwa asubuhi hauwezi kumwita jioni. Mwezi wangu wa kwanza kulikuwa na jike mmoja aliyegoma kujisaidia. Tulimtoa nje asubuhi, akasimama tu. Tukamzungusha, akasimama. Alikuwa anavimba tumbo na daktari wa mifugo alikuwa mbali. Tata Kasongo alikaa juu ya tofali, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Ile ndoo ya zamani iko wapi?" Nilikuwa nimeitupa ndoo ya chuma iliyotoboka na kuchukua ya plastiki. Akaniambia niiokote, niigonge chini. Niligonga. Yule jike akachuchumaa palepale, akakojoa kwa muda ambao ungetosha kuvuta sigara nzima, kama Tata Kasongo angekuwa mtu wa kuimaliza sigara nzima.

"Unaona," akasema. "Weye unafikiri anasikia neno. Anasikia yote yenye kuwa pembeni ya neno. Ndoo, mulango, kikohozi yako. Yote kwake ni amri."

Niliiweka ile ndoo. Maneno yake niliyasikia nusu, kama kijana anavyosikia.

Kampuni ilipopoteza mkataba, mbwa waliuzwa na sisi tukaachwa, na wao walipata bei nzuri kuliko sisi. Hapo nikaingia kwenye kazi iliyonilisha hadi nilipostaafu: kufundisha mbwa wa nyumbani wasichafue nyumba. Kolwezi ilikuwa imejaa watu waliopata vigae kabla ya kupata mbwa, halafu wakapata mbwa. Vyombo vyangu vilikuwa gunia kuukuu, kamba fupi, chupa ya siki na mfuko wa vipande vya nyama kavu. Msinicheke, sikuwahi kuhitaji zaidi.

Kazi yenyewe ni hii. Mtoto wa mbwa atakojoa akiamka, akila na akimaliza kucheza. Kwa hiyo usimsubiri akukumbushe, mtangulie. Akianza kunusa chini na kuzunguka, umeshachelewa nusu: sema neno lako kwa nguvu, nyosha mkono kwenye mlango, umpeleke mahali pake, kila siku mahali palepale. Akimaliza tu, kabla hajajikung'uta, msifu kwa jina lake. Ukingoja hadi arudi ndani ndipo umsifu, umemsifu kwa kurudi ndani. Akichafua, futa kwa siki na unyamaze. Wale wanaomshika mbwa kichwa na kumsugulia pua kwenye mkojo wake wanamfundisha jambo moja, kwamba binadamu ana wazimu, na hilo mbwa analijua tayari.

Kila nyumba ilikuwa na lake. Tata Salumu, mwenye malori, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Maniema, aliniita kwa kazi iliyokuwa kinyume. Mbwa wake alilinda malori vizuri, lakini dini yake haitaki mate ya mbwa ndani ya nyumba anamosali. Basi somo likawa kizingiti: mbwa afike hapo, alale, asivuke. Siku ya mtihani Tata Salumu aliweka mfupa wa mbuzi ndani ya mlango akaenda kunywa chai. Mbwa aliutazama ule mfupa, akalia machozi, hakuvuka. Tata Salumu akanimiminia kikombe na kusema, "Batoto yangu hawana hii adabu. Utabachukua bei gani?" Tulishindwana bei.

Nasimulia hizo kwa sababu zilikwenda vizuri. Iliyokwenda vizuri kuliko zote kama kazi ndiyo ninayoijutia, na ilikuwa mtaa wa Kapata.

Nyumba za Kapata mnazijua. Ziko kwenye mistari, na nyingi zimebebana ukuta mmoja mbili mbili, ukikohoa huku jirani anakuambia pole. Mama Odile alikuwa mjane wa fundi mitambo. Binti yake, anayefanya kazi mgodini Fungurume, alimletea mtoto wa mbwa ili asilale peke yake, na kwa kuwa wezi wa mtaa ule walikuwa wanawapa mbwa wa nje sumu, alitaka huyu alale ndani. Ndani kulikuwa na sakafu ya saruji nyekundu ambayo Mama Odile aliipaka nta kila Jumamosi hadi unajiona meno. Mbwa alikuwa ameshaitia madoa. Nilifika, nikahesabu milango, nikahesabu mazulia, nikarudia, tukakubaliana.

"Jina yake nani?" nikauliza.

"Ulisahabu."

"Nilisahabu nini, mama?"

"Haiko weye. Imbwa. Anaitwa Ulisahabu."

Huku kwetu hamshangai. Kuna maneno ambayo mtu hawezi kumwambia jirani usoni, basi anampa mbwa, na mbwa anayatembeza mtaa mzima. Nimewahi kufundisha Batachoka, nimefundisha Tutaona, na wawili walioitwa Munasema katika mtaa mmoja. Ulisahabu, yaani wewe uliyesahau, lilikuwa limeelekezwa upande wa pili wa ukuta, kwa Mama Agathe.

Wanawake hao wawili walikuwa wamepika bukari, ugali wetu, kwenye mbabula moja ya makaa tangu ujana wao. Mume wa Mama Odile alipofariki, mtaa wote ulikuja kilioni isipokuwa mmoja. Na Kapata, anayetangulia kuleta beseni la unga kwa mfiwa ni yule mnayeshirikiana naye ukuta. Beseni halikuja. Kilio kiliisha, mikeka ikakunjwa, na siku chache baadaye Mama Agathe akaonekana uani kwake akianika nguo bila neno. Mtoto wa mbwa alipoletwa, jina lilikuwa linamngoja.

Sasa fikirini kazi yangu. Mbwa wa umri ule anaitwa kutwa nzima, na mahali nilipomchagulia palikuwa kona ya lupango, yaani ua wa nyumba, kando ya uzio wa matete. Asubuhi ya kwanza alizunguka, nikanyosha mkono. "Ulisahabu, inje!" Akatoka. Nilipomfikisha kwenye kona nikasema tena, "Ulisahabu, haya."

Ng'ambo ya uzio sauti ya mwanamke ikajibu, tulivu kabisa, "Niko hapa."

Mbwa akachuchumaa.

Ndani, Mama Odile aliacha kusugua, kisha akaendelea kwa nguvu zaidi.

Ikawa hivyo kila siku. Mimi naita, sauti inajibu "Niko hapa," mbwa anakojoa, mimi nasifu. Mama Agathe alikuwa anajibu kama mtu aliyeitwa shuleni kwenye orodha, bila hasira, na hakuwahi kukosa. Mbwa alijifunza upesi kuliko yeyote niliyewahi kumshika, na mimi nilijipa sifa zote.

Lakini ilinichosha kumtukana mwanamke ambaye hajanikosea. Nikaenda kwa Mama Odile kama ninavyokwenda kwa muuza samaki.

"Mama, tubadilishe jina. Tumuite Jacky. Jina fupi imbwa anashika mbio."

"Jacky alinifanya nini?"

"Hakukufanya kitu. Njo maana."

"Basi hapana."

"Tugawanye. Muchana Jacky, usiku Ulisahabu."

"Tata Flori, weye uliuzaka viatu. Uliuzaka kiatu kimoja?"

Nilibadilisha njia. Nikamuuliza ni nini kingemfanya aliache lile jina. Alikikunja kitambaa cha nta, akakikunja tena, na nilijua kutoka sokoni kwamba mtu akijishughulisha hivyo ana bei yake. "Aingie mwenyewe kwa ile mulango," akasema. "Aikale. Aseme kitu, hata kidogo. Hii imbwa nitaiita jina ya malaika."

Nikavuka upande wa pili. Mama Agathe alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakujifanya hajui nimefuata nini.

"Niliondoka bila kuaga mutu, mama yangu alikuwa anakufa kule Sandoa," aliniambia. "Kijijini, simu haishike. Nilimuzika, nikarudi, nakuta kwa Odile mikeka imekunjwa. Nilikuwa na haya. Nikasema nitaenda kesho. Kesho haya ikakuwa kubwa. Sasa imekuwa mutu muzima, inalala na mi mu nyumba."

"Juu ya nini haukumuambia?"

"Nimuambie namna gani? Yeye alikuwa analia bwana yake, mi nalia mama yangu, ukuta ni moja. Namusikia, ananisikia. Nikafikiri anajua."

Hakujua. Mama Odile alikuwa amesikia kilio ng'ambo ya ukuta na kudhani ni majuto, akangoja yaje mlangoni.

Niliwapatanisha kama ninavyoshusha bei: huyu kidogo, yule kidogo. Mama Agathe alikubali kuja Jumapili baada ya misa, na beseni la unga, lile lililochelewa. Mama Odile sikumwambia kitu. Sokoni huwezi kumwambia muuzaji kwamba mnunuzi ameshatoa pesa mfukoni. Nilitaka aone kwamba mtu amekuja mwenyewe.

Mama Agathe alikuja Jumamosi. Sijui kwa nini hakungoja. Pengine alikuwa ameshavaa moyo na aliogopa ungechakaa.

Jumamosi ni siku ya nta. Mama Odile alikuwa chumba cha ndani, amepiga magoti. Mimi nilikuwa sebuleni, mgongo kwenye mlango uliokuwa wazi ili sakafu ikauke. Mbwa alikuwa ametoka kuamka. Akanusa sakafu mpya, akaanza kuzunguka. Nikafanya sawasawa na ninavyowafundisha: haraka, kwa nguvu, mkono ukielekea mlangoni.

"Ulisahabu, inje! Inje!"

Mbwa akatoka mbio. Nikageuka kumfuata, na kwenye mlango kulikuwa na Mama Agathe, kitenge kipya, beseni kichwani, mguu mmoja ndani na mmoja kwenye ngazi. Mbwa alikuwa amempita chini. Mama Agathe alikuwa anautazama mkono wangu. Ulikuwa bado umenyooka.

"Nimesikia," akasema, akautoa mguu.

Niliita, nikaeleza, nikaongea huku nikimfuata kando ya uzio. Hakukimbia. Alitembea jinsi mtu mwenye beseni anavyotembea, shingo imenyooka, asimwage. Mbwa alikuwa amefika kwenye kona yake, amesimama, masikio juu. Sikumwangalia.

Mama Odile alitoka na kitambaa chake. "Nani?"

"Mama Agathe. Alikuwa na unga."

Ilimchukua muda kuketi. Aliketi palepale kwenye nta mbichi. "Uende umurudishe."

"Uende weye, mama. Njo weye anatafuta."

Aliutazama mlango wake mwenyewe. Hakuinuka. Basi nikaenda mimi, nikasimama chini ya dirisha la Mama Agathe, lililofungwa.

"Mama, ile ilikuwa jina ya imbwa tu."

"Najua ni jina ya imbwa, Tata Flori," alijibu kutoka ndani. "Na ile jina ni ya nani?"

Nimebishana na Walebanoni, na mapolisi, na wauza kuku wa Kasai. Safari hii niligeuka, nikaenda kuokota kamba na gunia langu.

Wiki nzima hatukusikia sauti yake. Kabla ya mvua alihamia Sandoa, kwenye nyumba aliyoachiwa na mama yake. Siku ya kupakia, Mama Odile alikaa ndani, mlango umerudishwa, na mimi ninajua alikuwa amesimama nyuma yake kwa sababu niliviona vidole vya miguu yake chini ya ubao. Ile nyumba wakapanga vijana wachimbaji, wavulana wazuri, kelele nyingi, wanalala kwa zamu na wanamsalimia mbwa kwa Kifaransa.

Muda si muda Mama Odile akaniita. "Ulisahabu amesahabu," aliniambia, bila kutabasamu. Mbwa alikuwa anachafua sakafu nyekundu kila siku, na binti yake alikuwa amesema kama hakuna namna amchukue amgawe.

Nilimpima kwa kila kitu. Chakula kilikuwa kilekile. Hakuwa na homa. Nikamwita: "Ulisahabu, inje." Akatoka vizuri, akaenda kwenye kona, akasimama akiutazama uzio, masikio juu. Nikamwambia haya. Akasimama. Vijana wakamsalimia, hakuwajali. Alisimama mpaka akachoka, akarudi ndani kwa adabu zote, akakojoa kwenye nta.

Nilijaribu filimbi. Nilijaribu nyama, kona nyingine, gunia, nikajaribu hata Jacky. Kila mara alinitazama kwa heshima, kisha akarudi kusimama palepale. Hapo ndipo nilipoisikia ndoo ya Tata Kasongo ikigongwa kichwani mwangu, miaka mingi baadaye, kwa mtu aliyemsikia nusu.

"Hajasahabu kitu, mama," nikasema. "Anangoja mutu ajibu."

"Nani?"

Nikamwonyesha uzio wa matete.

Aliweka kitambaa chini. Alitoka, akapita kando ya mbwa, akafika kwenye uzio na kusimama karibu kabisa na matete, akitugeuzia mgongo. "Umuite," akaniambia.

"Ulisahabu, haya."

Mama Odile aliinama. Aliishusha sauti hadi ikawa si yake, tulivu, kama ya mtu aliyeitwa kwenye orodha.

"Niko hapa."

Mbwa akachuchumaa. Nikasema muzuri, kwa sababu lazima isemwe kabla hajajikung'uta.

Tangu siku ile sakafu ni safi. Vijana wa ng'ambo wanadhani bibi ana wazimu: anaita mlangoni, kisha anakwenda kwenye uzio kujijibu. Kama kazi, ilifaulu, na nawaomba msiifanye. Fundisheni mbwa kwa mlango na mkono, na kabla ya kuanza ulizeni jina ni la nani.

Nilipostaafu nilipita kumuaga. Sandoa siku hizi simu inashika, na Mama Agathe aliniachia namba yake mwenyewe siku ile ya kupakia. Nimempa Mama Odile mara mbili, kwa kuwa mimi kila kitu nakirudia, na mara zote mbili aliikunja ile karatasi akaitia kwenye fundo la kitenge.

Hajapiga. Bado anamwita mbwa.